Mwanamke Aliyeinyoosha Meza ya Bosi

HAMISI: Karibuni tena, wapenzi wasikilizaji. Mimi ni Hamisi, na pembeni yangu yupo dada Salome, ambaye leo kaja na karatasi, kaja na picha, na kwa nilivyomwona akiingia, kaja na hasira.

SALOME: Hasira sina, kaka. Nina dukuduku.

HAMISI: La nini tena?

SALOME: Wiki iliyopita nilikuwa na mteja. Nimempangia ofisi nzima. Nimepima kila chumba, nimekaa na wafanyakazi wake siku mbili nawauliza wanafanyaje kazi, nimehamisha soketi za umeme, nimepanga taa. Namkabidhi ramani, anaitazama, anaiweka chini, ananiuliza: "Kwa hiyo wewe ndiye yule wa mapazia?"

HAMISI: (anacheka) Wa mapazia!

SALOME: Cheka tu. Nikarudi nyumbani nikamkumbuka Florence Knoll. Mwaka 1964 gazeti la New York Times lilimhoji, wakati huo ni mtu mzito kabisa kwenye kazi hii ya kupanga ofisi Marekani nzima, na bado ikabidi aseme kwamba yeye si mpambaji. Kwamba mahali pekee anapopamba ni nyumbani kwake. Sasa mimi ni nani nisiitwe wa mapazia?

HAMISI: Basi huyo ndiye wetu wa leo. Lakini kabla hatujaenda mbali, kuna msikilizaji atasema, mbona mwanamke wa kwanza kwenye mambo haya ni Elsie de Wolfe?

SALOME: Na atakuwa na hoja. Elsie alikuwa mwigizaji wa jukwaani, akaacha, akaingia kwenye kupamba majumba ya matajiri wa New York. Klabu ya wanawake ya Colony, iliyofunguliwa mwaka 1907, ndani ni kazi yake. Aliondoa giza lile la mapazia mazito na mbao nyeusi, akaleta rangi nyepesi, vitambaa vya maua, hata fremu za bustani za kupandishia mimea akazibandika ndani ya chumba. Watu walishangaa.

HAMISI: Na pesa alipata.

SALOME: Alipata hasa! Alipomnunulia vitu tajiri Henry Clay Frick kwa ajili ya jumba lake, alikuwa anakula asilimia kumi ya kila alichonunua. Ndiyo ilikuwa njia ya mpambaji kuishi: unamchagulia tajiri kiti cha kale cha Kifaransa, unachukua chako. Mimi simdharau Elsie. Aliwafungulia wanawake mlango wa kulipwa kwa kazi hii. Ila swali lake lilikuwa, nyumba hii itapendezaje? Florence yeye alianza na swali jingine kabisa. Aliuliza, hapa anakaa nani, na anafanya nini kuanzia asubuhi mpaka jioni?

HAMISI: Hebu tumjue kwanza. Knoll ni jina la mume, si ndiyo?

SALOME: La mume wa kwanza. Yeye kazaliwa Florence Schust, mwaka 1917, mji wa Saginaw, jimbo la Michigan. Kutokana na hilo Schust, marafiki walimwita "Shu" maisha yake yote. Baba alikuwa msimamizi wa kiwanda cha kuoka mikate. Alifariki Florence akiwa mdogo sana, kama miaka mitano. Mama naye akafariki binti bado hajakua.

HAMISI: Yatima wa pande zote mbili, bado mtoto.

SALOME: Na hakuna ndugu wa tumbo moja. Akabaki na mlezi, mtu wa benki, rafiki wa familia. Huyo mlezi akamwambia, itabidi uende shule ya bweni, ila chagua mwenyewe. Sasa hapa ndipo mimi huwa nasimama kidogo. Mtoto wa umri huo anapelekwa kuona shule, anafika Kingswood, pale Bloomfield Hills, anaangalia majengo, anasema: hii hapa.

HAMISI: Alichagua shule kwa majengo?

SALOME: Kwa majengo! Na macho yake hayakumdanganya, maana aliyeyasanifu ni Eliel Saarinen, msanifu mkubwa kutoka Finland. Shule yenyewe ilikuwa sehemu ya Cranbrook, mahali ambapo msanifu, mfumaji, mfinyanzi na mchongaji wanaishi na kufanya kazi pamoja. Mke wa Eliel, Loja, alikuwa bingwa wa kufuma, na karakana yake ndiyo iliyofuma mazulia na mapazia ya shule. Kwa hiyo binti huyu hakukua akidhani kwamba jengo ni kitu kimoja na zulia ni kitu kingine. Vilitoka nyumba moja.

HAMISI: Na wale Saarinen ndio wakamchukua.

SALOME: Wakamfanya kama mtoto wao. Likizo za kiangazi anakwenda nao Finland. Kijana wao Eero, ambaye baadaye naye alikuwa msanifu wa kutajika, akawa kama kaka yake. Akiwa bado mwanafunzi wa bweni, Florence alishachora nyumba nzima, ndani na nje, akiongozwa na mwalimu wake wa sanaa.

HAMISI: Mimi katika umri huo nilikuwa natoroka karakana ya baba nisipige randa.

SALOME: Ndiyo maana leo unashika kipaza sauti badala ya randa. (wanacheka) Sasa sikia masomo yake. Cranbrook. Kisha Columbia, New York. Kisha London, shule ya Architectural Association, mpaka vita vikamrudisha kwao. Akafanya kazi kwa muda mfupi na Walter Gropius na Marcel Breuer, wale wa Bauhaus, shule ya ubunifu ya Ujerumani, waliokimbilia Marekani. Halafu akaenda Chicago, Illinois Institute of Technology, kwa msanifu Mies van der Rohe, akahitimu mwaka 1941. Kama wewe ni mtu wa usanifu, hiyo orodha unaisoma umesimama.

HAMISI: Kwa hiyo huyu ni msanifu majengo kamili.

SALOME: Kamili. Anafika New York kutafuta kazi kwenye ofisi za wasanifu, na unadhani wakampa kazi gani?

HAMISI: Mapazia.

SALOME: (anapiga meza) Ndani! Alisema mwenyewe: kwa vile ni mwanamke, akapewa kazi za ndani ya majengo. Wanaume wanachora ghorofa, wewe dada tuangalie vyumba.

HAMISI: Sasa hapo nikuulize. Je, hiyo si bahati iliyojificha? Maana angepewa ghorofa, angekuwa mmoja wa wasanifu mia.

SALOME: Hapana, kaka, hiyo kauli siipendi. Mlango ukifungwa umefungwa, tusiite bahati. Ninachokubali ni kwamba yeye aliingia kwenye hicho chumba walichomsukumia na vifaa vyote vya msanifu majengo. Penseli, rula, ramani, hesabu ya mwanga, hesabu ya hatua ngapi mtu anatembea. Wengine waliingia na vitambaa tu.

HAMISI: Sawa, nimenyamaza. Na yule mume, Hans Knoll, anatokea wapi?

SALOME: Hans ni kijana wa Kijerumani, familia yao Stuttgart ni watu wa samani. Kafika New York, kafungua kampuni mwaka 1938. Muuzaji hodari, mtu wa kuahidi kwanza halafu kutafuta namna baadaye. Ila muda si mrefu vita vikaja, vifaa hakuna. Viti vyao vya mwanzo, vya mbunifu Jens Risom, vilisukwa kwa mikanda iliyokataliwa na jeshi, ile ya miamvuli ya kurukia kutoka kwenye ndege.

HAMISI: Mikanda ya parachuti kwenye kiti!

SALOME: Na leo bado vinatengenezwa, mtindo uleule. Basi mwaka 1943 Florence anaanza kumfanyia Hans kazi za pembeni, kisha anaingia moja kwa moja, na mwaka 1946 wanaoana. Na ndani ya kampuni akaanzisha kitengo chake, wakakiita Knoll Planning Unit. Kitengo cha mipango. Angalia jina, halina neno la kupamba hata kidogo.

HAMISI: Hicho kitengo ndicho hasa nilitaka tukifungue. Kilifanya nini ambacho hakikuwepo?

SALOME: Fikiria ofisi ya Marekani ya miaka ile ya arobaini. Jengo linakwisha, watu wanahamia. Ofisi ya mkubwa inapambwa na mtu, pengine mpambaji, pengine mke wa mkubwa. Ofisi za wengine, mtu anayeshughulikia manunuzi anaagiza meza kutoka kitabu cha picha, zinapangwa mistari mpaka chumba kijae. Hakuna aliyemuuliza karani chochote. Florence akaja na utaratibu: kabla ya kuchora, nenda kawahoji watu. Nani anahitaji kuongea na nani. Nani anashika karatasi nyingi. Nani anapokea wageni. Faili linakaa wapi na linatoka wapi. Hapo ndipo unachora.

HAMISI: Leo kila mshauri anasema anafanya hivyo.

SALOME: Leo, ndiyo. Sasa twende kwenye meza ya bosi.

HAMISI: Tumefika kwenye meza.

SALOME: Ofisi ya mkubwa ilikuwa na sheria isiyoandikwa. Meza kubwa ya mbao nzito, imejaa droo, imewekwa mshazari kwenye kona. Nyuma yake meza nyingine, nayo mshazari. Halafu viti vichache na kabati la vitabu lenye vioo. Ukiingia unamkuta bosi kona kule kama yuko ndani ya boma. Florence akatazama hiyo meza, akauliza: hizi droo zina nini ndani?

HAMISI: Na zilikuwa na nini?

SALOME: Karibu hakuna kitu! Maana karatasi zote anatunza katibu wake, nje. Mkubwa kazi yake ni kuongea na watu na kusaini. Kwa hiyo akasema, huyu hahitaji dawati, anahitaji meza. Akaondoa droo. Ikabaki meza wazi, uso mmoja na miguu ya chuma. Vile vichache anavyohitaji karibu akavihamishia kwenye kabati refu la chini, limelazwa ukutani nyuma ya kiti chake. Na meza yenyewe akainyoosha, ikae sambamba na ukuta.

HAMISI: Mimi ni mtoto wa seremala, nikwambie kitu. Baba angekasirika. Dawati la droo ndilo pesa. Droo moja ni saa mbili za kazi, reli zake, kufuli, mshikio. Huyu mama kamwondolea fundi mkate.

SALOME: (anacheka) Na akamwondolea bosi ngome, hilo ndilo lililowauma zaidi. Maana ile meza nzito haikuwa ya kazi, ilikuwa ya cheo. Sasa bosi amekaa, miguu yake inaonekana, mgeni anaweza kusogeza kiti upande wa pili wakajadiliana. Meza imekuwa ya mazungumzo. Na kwenye vyumba vya mikutano akatengeneza meza ndefu iliyotuna katikati kama mtumbwi, ili aliyekaa mwisho amwone aliyekaa mwanzo bila kuinama.

HAMISI: Hilo la mtumbwi nimelikubali bila ubishi. Pale nilipokuwa naajiriwa, mahali ambapo sitapataja, tulikuwa na meza ndefu ya mstatili. Mimi mwisho kabisa. Miaka mitatu nimeona sikio la kushoto la mkuu wa idara, uso wake nilikuwa nakutana nao kwenye lifti tu.

SALOME: Huo ndio umbali wa mstatili! Na watu wanadhani ni tabia za watu, kumbe ni meza.

HAMISI: Sasa wateja walikuwa wanamwelewa? Maana unamwambia mkubwa mzima, toa droo zako.

SALOME: Hapo alikuwa na ujanja, na ni wa kifundi nguo. Wabunifu wa mavazi wakichora gauni, wanabandika kando kipande kidogo cha kitambaa chenyewe. Yeye akaichukua hiyo akaipeleka kwenye ramani ya chumba. Anachora chumba kikionekana kutoka juu, halafu pale penye kochi anabandika kipande cha kitambaa halisi, kimekatwa umbo la kochi. Penye meza, kipande chembamba cha mbao yenyewe. Penye zulia, sufu. Mteja asiyejua kusoma ramani anagusa kwa kidole. Anajua hiki ni laini, hiki ni cha buluu, hiki kiko karibu na mlango.

HAMISI: Hiyo bado inafanyika.

SALOME: Kila siku. Mimi mwenyewe nina gundi mkononi sasa hivi, ona kidole hiki. Wengi wanafanya kwa kompyuta, lakini ubao wa vipande vya kitambaa mbele ya mteja haujafa, na sidhani utakufa.

HAMISI: Na vitambaa vyenyewe alipata wapi? Maana wakati ule sokoni ni maua maua.

SALOME: Maua, na yale mazito yenye nyuzi za kung'aa. Hakuna kilichokuwa kinafaa kochi la mistari iliyonyooka. Basi akaenda kwa wauzaji wa vitambaa vya suti za kiume. Ile sufu ya kijivu, imara, ya rangi tulivu. Akavalisha viti suti! Halafu mwaka 1947 kampuni ikaanzisha idara yake yenyewe ya vitambaa, kwa sababu huwezi kupanga ofisi nzima kwa vitambaa vya kuokoteza.

HAMISI: Subiri hapo, dada Salome. Nimekuwa mpole mpaka sasa, ngoja niseme. Kitengo cha mipango kinakupangia ofisi. Kitengo hichohicho ni cha kampuni inayouza viti, meza na vitambaa. Ukimaliza kupangiwa, unanunua kwa nani?

SALOME: Kwa Knoll.

HAMISI: Ehee! Elsie alikula asilimia kumi, huyu anakula kiwanda kizima. Kwa nini Elsie tumwite mpambaji wa kamisheni na huyu tumwite mwanamapinduzi?

SALOME: (kimya kidogo) Hoja yako ina nguvu. Sitaikwepa. Kitengo kilikuwa pia mlango wa mauzo, na vyumba vyao vya maonyesho, kama kile cha Madison Avenue, New York, cha mwaka 1951, vilipangwa na Florence mwenyewe ili ukiingia utamani kuhamia. Lakini tofauti ninaiona hapa: Elsie alichagua katika vilivyopo dukani. Florence akikuta kitu hakipo, anakitengeneza, au anamtafuta wa kukitengeneza. Hilo lilibadilisha kiwanda chenyewe.

HAMISI: Nipe mfano unaoshikika.

SALOME: Kiti cha Eero Saarinen, kile wanachokiita Womb. Florence alimwendea yule kaka yake wa kulelewa, akamwambia amechoka na viti vyembamba vya kukaa kama upo kanisani. Anataka kiti kama kikapu kikubwa kilichojaa mito, mtu ajikunje, miguu juu, akae anavyotaka. Mwaka 1948 kikatoka. Ila kabla hakijatoka, lile ganda lake lilikuwa la nyuzi za kioo na gundi ya plastiki, na hakuna fundi samani aliyejua kazi hiyo.

HAMISI: Wakaenda kwa nani?

SALOME: Kwa mtengeneza boti, New Jersey! Mzee hakuwa na imani nao hata kidogo. Vijana wawili wanakuja na mchoro wa kiti, yeye anatengeneza boti. Florence alisimulia kwamba ilibidi wambembeleze mpaka akakubali.

HAMISI: Hapo sasa umenipata, kwa sababu huo ndio ufundi. Kujua kazi yako imefanana na kazi ya nani. Baba akikosa bawaba alikuwa anakwenda kwa fundi viatu kuomba ngozi.

SALOME: Ndivyo hivyo. Na hakuishia kwa Eero. Harry Bertoia, mchongaji, wakampa nafasi acheze na chuma, hawakumwambia tuletee kiti. Mwaka 1952 akatoa vile viti vya waya vilivyo kama wavu. Eero akarudi mwaka 1957 na viti na meza za mguu mmoja, kama ua juu ya shina, akisema amechoshwa na msitu wa miguu chini ya meza.

HAMISI: Na kile cha ngozi cha Mies, cha mistari ya vibonye?

SALOME: Barcelona. Kilibuniwa kwa ajili ya banda la Ujerumani kwenye maonyesho ya mwaka 1929 huko Barcelona. Mies alikuwa mwalimu wake, akawapa Knoll haki ya kukitengeneza. Na hapa niweke neno dogo la pembeni: kile kiti wanakiita cha Mies, lakini alifanya kazi hiyo na Lilly Reich, mwanamke, mbunifu wa ndani aliyeiva. Jina lake limekuwa likidondoka njiani miaka yote.

HAMISI: Na Florence mwenyewe hakubuni viti?

SALOME: Alibuni sana! Kochi lake la mwaka 1954 hulioni kwa sababu limejaa kila mahali. Mraba, miguu ya chuma, mito iliyoshonwa kwa vibonye. Ukiingia ukumbi wa kusubiri popote duniani, lile ulilokalia ni mjukuu wake. Lakini yeye alikuwa anasema alitengeneza vitu vya kujazia tu. Chumba kina kiti cha Saarinen, kiti cha Mies, kinahitaji kochi na meza na kabati visivyopiga kelele. Hakuna anayetengeneza, basi anatengeneza yeye.

HAMISI: Unyenyekevu au mkakati?

SALOME: Sijui kwa nini iwe kimoja. Mimi naona alikuwa anakitazama chumba jinsi msanifu anavyotazama jengo. Kochi lake ni ukuta mdogo. Huwezi kusifia ukuta, lakini ukiutoa chumba kinaanguka.

HAMISI: Twende kwa Hans, maana najua alifariki mapema.

SALOME: Mwaka 1955, ajali ya gari, Cuba. Florence ana miaka 38. Kampuni imeenea nchi kadhaa, muuzaji mkuu ameondoka. Wengi walidhani itauzwa haraka. Akashika urais wa kampuni yeye.

HAMISI: Na kazi kubwa zikaendelea?

SALOME: Zilizo kubwa kuliko zote ni za baada ya hapo au wakati huo. Mwaka 1957 yakakamilika makao makuu ya kampuni ya bima ya Connecticut General, Bloomfield, nje ya mji wa Hartford. Jengo la Gordon Bunshaft wa Skidmore, Owings na Merrill, ndani ni la Knoll. Sakafu kubwa wazi, kuta za ndani zinazohamishika, kwa sababu kampuni ya bima leo ina idara hii, kesho imevunjwa. Kisha akaja Frank Stanton wa CBS, shirika la redio na televisheni.

HAMISI: Lile ghorofa jeusi la New York.

SALOME: Ghorofa 38, granaiti nyeusi, mchoro wa Eero Saarinen. Eero akafariki ghafla mwaka 1961, jengo halijakwisha. Florence akachukua ndani. Hebu fikiri: anamalizia nyumba ya mtu aliyekua naye. Na alipanga kila kitu mule, vitambaa vya ukutani, rangi za milango, viti, mpaka vitu vidogo vya mezani. Jengo nje ni jiwe jeusi, zito, la huzuni kidogo. Ndani akaweka mwanga na rangi, nyekundu hapa, njano pale. Kwangu mimi hiyo ndiyo kazi yake bora.

HAMISI: Na bado ndiyo mwaka anaulizwa kama yeye ni mpambaji.

SALOME: Mwaka huohuo! 1964, CBS inakamilishwa. Na miaka mitatu kabla, Taasisi ya Wasanifu Majengo ya Marekani ilikuwa imempa medali ya dhahabu ya ubunifu wa viwandani.

HAMISI: Sasa nina lalamiko la mwisho, na hili ni la wafanyakazi wote duniani. Hizi ofisi zetu za kioo, kijivu, kochi la mraba, mtu hujui umeingia benki au hospitali. Huyu mama si ndiye mama yake?

SALOME: Kwa sehemu, ndiyo. Mtindo wake ulikuwa rahisi kunakiliwa, na anayenakili huchukua umbo akaacha maswali. Wamechukua kochi, wameacha mahojiano. Na angalia, kwake kijivu kilikuwa uwanja wa kuchezea rangi. Wanakili wakabaki na uwanja. Kuhusu vile vizimba vya kazi vyenye kuta fupi, hivyo usimbebeshe. Vilitoka kwenye mfumo wa Herman Miller, kampuni nyingine ya samani, wa mwaka 1968, kazi ya Robert Propst, na Propst mwenyewe hakukusudia vizimba. Florence alishaondoka kwenye kazi mwaka 1965.

HAMISI: Na cha kuchekesha, Knoll na Herman Miller leo ni kampuni moja.

SALOME: Tangu mwaka 2021. Mahasimu wamehamia nyumba moja.

HAMISI: Lakini kuna hili pia. Hiyo meza wazi, isiyo na droo, ilikuwa inawezekana kwa sababu kuna katibu nje anayebeba karatasi zote. Katibu alipangiwa nini?

SALOME: Umeligusa. Katibu, mara nyingi mwanamke, alibaki na dawati lenye droo. Alitengenezewa dawati zuri, lenye vipimo vya mashine ya kuchapa, hilo nampa. Lakini usafi wa meza ya bosi ulikuwa unasimama juu ya mgongo wa mtu. Ukitazama zile picha za ofisi zake, safi, kimya, maua mawili kwenye chombo, jiulize karatasi ziko wapi. Ziko kwa dada wa nje. Mimi nampenda Florence na hilo naliona.

HAMISI: Aliondoka mwaka 1965, akaenda wapi?

SALOME: Florida. Mwaka 1958 alikuwa ameolewa tena, na Harry Hood Bassett, mtu wa benki wa Miami. Mwaka 1959 aliuza kampuni, akabaki akiongoza ubunifu mpaka alipoondoka. Akaendelea na kazi chache za watu binafsi. Mwaka 2002 akapewa Medali ya Taifa ya Sanaa. Mwaka 2004 Jumba la Makumbusho la Philadelphia likafanya maonyesho ya kazi zake, na unadhani nani aliyepanga chumba cha maonyesho?

HAMISI: Usiniambie.

SALOME: Yeye mwenyewe, ana miaka 87! Alifariki Januari 2019, Coral Gables, ana miaka 101.

HAMISI: Karne na ushee. Na wewe uliniambia kabla hatujawasha mitambo kwamba kuna habari ya masanduku.

SALOME: Hiyo nimeihifadhi makusudi. Alipotoa nyaraka zake kwa hifadhi ya sanaa ya Marekani, kule Smithsonian, hakutuma makaratasi kwenye maboksi kama sisi tunavyohama nyumba. Alizipanga mwenyewe, akabuni na vyombo vya kuzitunzia, mafaili yamegawanywa kwa rangi.

HAMISI: Yaani mtunza kumbukumbu akifungua...

SALOME: Anakuta amepangiwa. Rangi hii barua, rangi hii michoro, rangi hii ni Planning Unit.

HAMISI: Alikuwa bado anamuuliza mtu wa upande wa pili, wewe utaishika vipi hii?

SALOME: (anacheka) Na haikuwa na droo.

HAMISI: Dada Salome, yule mteja wako wa mapazia, mmefikia wapi?

SALOME: Amekubali ramani. Ila kaniomba jambo moja. Anataka meza yake ikae mshazari, kwenye kona.

HAMISI: (anacheka sana) Na wewe ukamjibu nini?

SALOME: Nimemwambia nitakuja Jumatatu na gundi yangu. Nimeshakata kipande cha mbao.

HAMISI: Wasikilizaji, tukutane wiki ijayo tujue meza imekaaje. Mimi ni Hamisi.

SALOME: Na mimi ni Salome, si wa mapazia.